Mkojo au chupa imepasuka? Siku mkunga alipolala kwenye kitanda cha kupimia

Haya jamani, hii post nimeikwepa muda mrefu kwasababu inanihusu mimi na chupi yangu, lakini kila wiki lazima nipate meseji ya aina hiyohiyo, "dada nimelowa, ntajuaje kama ni chupa au mkojo tu", na mtu anataka nimtajie kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Hakipo. Mimi ni mkunga, nimeshapima wanawake wengi sana hilo jambo, na nilikuwa naongea kama mtu anayejua mpaka siku na mimi nikalowa, mimba ya pili, wiki ya 32.

Ilikuwa asubuhi, nimeinama kuokota soksi ya mtoto chini ya kitanda, nikahisi joto linashuka pajani. Kidogo tu, sio yale mafuriko ya kwenye filamu, kama kijiko kimoja au viwili hivi. Nikasimama pale na soksi mkononi kama sanamu. Nikanusa (ndio, nilinusa, na we ungenusa), sikupata jibu. Nikavaa pedi, nikatembea chumbani mara mbili tatu, nikaiangalia, ina unyevu lakini haijalowa chapachapa, rangi hamna. Mwanamke mwingine angekuja kwangu na hadithi hiyo ningemwambia fasta twende upime, lakini ikiwa ni wewe mwenyewe unaanza kujidanganya, aah itakuwa mtoto kakanyaga kibofu.

Kabla sijafika mbali, kwa wale ambao hawajui tunaongelea nini. Chupa ni ule mfuko wa utando alimo mtoto na maji yake, na ukiuangalia vizuri ni tabaka mbili zilizolaliana, ya ndani inaitwa amnioni na ya nje korioni. Kwa kawaida hupasuka uchungu ukiwa umeshaanza. Kwa wanawake kama 8 kati ya 100 waliofikisha muda, hupasuka kabla ya uchungu, na hapo kwa wengi uchungu unafuata wenyewe baada ya muda sio mrefu. Shida kubwa ni ikipasuka kabla ya wiki 37, maana hapo mlango uko wazi kwa vijidudu kupanda juu na mtoto bado hajaiva, na kamba ya kitovu nayo inaweza kutangulia kutoka kabla ya mtoto. Afu sasa sio kila kupasuka ni pwaa! Tundu likiwa chini karibu na mlango wa kizazi, maji yanamwagika na hamna anayeuliza. Likiwa juu, upande, yanavuja tone tone, leo yapo kesho hayapo, kichwa cha mtoto kikikaa kama kizibo yanakata kabisa. Hawa wa tone tone ndo wanaotutoa jasho.

Na ukumbuke mjamzito analowa kwa sababu chungu nzima. Ute unaongezeka. Mkojo unatoka ukicheka. Fangasi, uchafu wa maambukizi, shahawa za jana usiku, jasho. Hili la shahawa tutalirudia, subirini.

Basi nikaenda. Sio ninapofanya kazi, nilienda sehemu nyingine kabisa nikidhani sitajulikana, halafu nani ananipokea, binti niliyemfundisha kazi mwenyewe miaka ya nyuma! Nilimfundisha kwa mdomo wangu huu kwamba kipimo cha kwanza ni maswali. Akanikalisha, akaanza, "Dada, samahani, nikuulize kama nnavyowauliza wengine." Maji yalitoka saa ngapi, mengi kiasi gani, yaliendelea au yalikata, rangi gani, kuna harufu, kuna damu, mtoto anacheza. Vizuri kabisa, nikajisikia fahari. Akafika kwenye lile swali, "na mara ya mwisho kukutana na baba ilikuwa lini?"

Nikasema wiki mbili zilizopita.

Uongo mtupu. Ilikuwa jana yake usiku. Sijui kwanini nilidanganya, nadhani ni ile sura yake, namuona kama mdogo wangu, nikaona aibu. Mimi ambaye hilo swali nauliza kila siku bila kupepesa macho, na naudhika watu wakinijibu kwa kuangalia dirishani.

Akaniambia nilale kwanza kama nusu saa kabla ya kupima, na hili ni jambo zuri ambalo wenye haraka wanaliruka. Ukilala, kama kuna maji yanavuja yanajikusanya juu ukeni nyuma ya mlango wa kizazi. Halafu ndo akaingiza spekulamu (kile kifaa cha kupanua uke ili macho yaone ndani), safi, iliyochemshwa, bila kutia vidole. Vidole hapana! Kama huna uhakika chupa imepasuka na mama hana uchungu, kupima njia kwa vidole ni kusukuma vijidudu juu na kumkaribishia uchungu wa mapema bure. Mtu akikuja na glovu anataka kupima njia kabla hajakuangalia kwa spekulamu, una haki ya kuuliza kwanini.

Anachotafuta kwa spekulamu ni kidimbwi. Yaani macho yanaona maji yamekaa pale nyuma, au yanatiririka toka kwenye mlango wa kizazi ukiambiwa kohoa. Akiyaona hayo kazi imeisha, huhitaji karatasi wala mashine. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, wa 2015 kuhusu uchungu wa mapema ndo unavyosema, ukishaona kidimbwi usiendelee kupimapima, anza kumhudumia mtu. Kwangu nilikohoa mara tatu kama mzee wa sigara. "Sioni kidimbwi dada, ila kuna unyevu unyevu." Unyevu unyevu! Nimewahi kuandika hivyohivyo kwenye mafaili ya watu na sikujua ni neno baya kiasi gani kulisikia umelala chali.

Akachukua karatasi ya naitrazini. Hii wengi mmeiona, ni ya njano, unaigusisha kwenye majimaji, ikigeuka bluu watu wanaanza kukimbia. Sasa sikilizeni vizuri, ile karatasi haijui chupa ni nini. Inapima ukali tu, tindikali. Uke wenyewe ni mchachu, pH yake (namba ya kupimia uchachu, ikiwa ndogo ndo uchachu mwingi) kwa kawaida iko kwenye 3.8 mpaka 4.5, maji ya uzazi sio machachu, yako kama 7.1 hadi 7.3, kwahiyo yakishuka yanapunguza uchachu na karatasi inabadilika rangi kuanzia kwenye 6.5 hivi. Wazo zuri, rahisi. Ila kitu chochote kisicho na uchachu kinaigeuza hivyohivyo. Damu inaigeuza. Shahawa zinaigeuza. Baadhi ya dawa za kusafishia, mkojo wenye maambukizi, na ule ugonjwa wa bakteria wa ukeni unaotoa harufu ya samaki, vyote vinaweza kukupa bluu ya uongo. Na kinyume chake, kama maji yalitoka juzi na yakakata, karatasi inabaki njano na wewe chupa yako ina tundu. Hao NICE wamesema wazi msiitumie kuthibitisha chupa kupasuka kabla ya muda, lakini ndo iliyopo kwenye droo za watu, na kitu kikiwa kwenye droo kitatumika tu.

Yangu ikawa bluu. Sio bluu ya kubahatisha, bluu kama wino.

Niliiona sura ya yule binti ikibadilika na nikajua anawaza nini, kulazwa, antibayotiki, sindano za stiroidi za mapafu ya mtoto, wiki 32. Na mimi najua kwanini ni bluu. Najua! Na bado nikanyamaza kama dakika tano nzima, nawaza labda kipimo kinachofuata kitaniokoa bila mimi kusema.

Kinachofuata kilikuwa slaidi. Hiki kipimo nakipenda sana kuliko vyote na sioni aibu kusema ni kwasababu ni kizuri kwa macho. Unachukua majimaji kwa swabu toka nyuma ukeni, sio kwenye mlango wa kizazi, unayapaka kwenye kioo, unayaacha yakauke kwa hewa, angalau dakika 10, halafu unaangalia kwenye hadubini. Kama ni maji ya uzazi, chumvi na protini zilizomo zinaganda na kutengeneza matawi matawi, tawi lina tawi, na lile dogo lina dogo zaidi, kama majani ya kangaga yaliyobanwa kwenye kitabu. Mara ya kwanza kuyaona nikiwa mwanafunzi nilimwita mwenzangu aje aone. Mkojo hautoi picha hiyo, unatoa vipande vipande visivyo na mpango. Lakini na hapa kuna mitego. Ute wa mlango wa kizazi nao unatoa matawi, ingawa yake ni manene na hayajachanua sana, ndo maana swabu ikigusa pabaya unadanganyika. Shahawa zinaweza. Hata alama ya kidole chako kwenye kioo inaweza kukuchorea kitu kinachofanana! Damu nyingi au kinyesi cha mtoto kinaficha matawi yaliyopo. Na mtu asiye na subira akiangalia kioo dakika ya tatu bado kibichi, anaandika hamna.

Nikamwomba nikaangalie mwenyewe. Nikajifunga shuka, nikainama kwenye hadubini na tumbo langu lile, nikazungusha ile skrubu. Kwenye kona moja kulikuwa na kitu kama tawi, kifupi, kimesimama peke yake, kwingine kote makombo. Tukaangaliana. Ukiwa mgonjwa unaona tawi, ukiwa mkunga unaona ute.

Hapo ndo nikasema. "Mdogo wangu, nilikudanganya, ilikuwa jana usiku." Hakucheka, Mungu ambariki, alisema tu "nilihisi, dada" na akaandika. Halafu akasema kitu ambacho nilimfundisha mimi na nilikuwa nimekisahau kabisa siku hiyo: karatasi imejibu kuhusu uchachu, kioo kimejibu kuhusu chumvi, hamna hata kimoja kilichoulizwa kuhusu chupa.

Na hicho ndo ninachotaka mkibebe mnapoulizia kipimo bora. Kila kimoja kinajibu swali lake dogo la pembeni, na sisi ndo tunalitafsiri kuwa swali letu.

Sasa tuje kwenye vile vya kisasa, vya kijiti, ambavyo watu wakivisikia wanadhani ndo mwisho wa matatizo. Vinafanana na kile cha kupimia mimba, mistari miwili ipo, mmoja haipo. Hivi vinatafuta protini ambazo ziko nyingi sana kwenye maji ya uzazi na ni chache mno kwenye ute wa kawaida. AmniSure inatafuta inayoitwa PAMG-1, Actim PROM inatafuta IGFBP-1, na ROM Plus inachanganya hiyo ya IGFBP-1 na nyingine ya mtoto, AFP. Uzuri wake upo kwenye tofauti ya viwango. PAMG-1 kwenye maji ya uzazi iko kwenye maelfu ya nanogramu kwa mililita, kwenye ute wa ukeni haifiki hata nanogramu moja, na kile kijiti kinashtuka kuanzia 5 tu. Hapo hata tone dogo lililochanganyika na ute linaonekana. Swabu inakaa ukeni dakika moja, inasuuzwa kwenye kichupa dakika moja, kijiti kinatumbukizwa, unasubiri kama dakika 5 mpaka 10. Spekulamu wala haihitajiki, na kwa shahawa na mkojo hakidanganyiki kirahisi kama karatasi. Kwa mtu kama mimi siku ile ndo chenyewe. NICE pia wanasema hivyo, kama hujaona kidimbwi fikiria kutumia kimoja kati ya PAMG-1 au IGFBP-1.

Ila. Damu ikiwa nyingi majibu hayaaminiki. Kama maji yalitoka kitambo, masaa mengi yamepita, tundu limejiziba au kichwa kimeziba, kijiti kinaweza kusema hamna. Na kinaweza kusema ndiyo kwa mama aliyekwisha kuanza uchungu ambaye ukiangalia chupa yake ipo nzima, pengine kwa vitundu ambavyo jicho halivioni. 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia watoa huduma barua kabisa kuwaonya wasitegemee hivi vijiti peke yake kuamua, baada ya kupokea ripoti za madhara makubwa zikiwemo za watoto kupotea. Tatizo halikuwa kijiti tu, lilikuwa ni mtu kuona mstari mmoja na kufunga faili.

Nimewahi kuliona hilo kwa macho. Sehemu moja, siitaji, mama alikuja analalamika amelowesha pedi tatu tangu jana, kijiti kikasema hamna, akaambiwa ni mkojo nenda nyumbani. Pedi zenyewe alikuwa nazo kwenye mfuko, hakuna aliyeomba kuziona. Alirudi siku ya pili ana homa, tumbo linauma ukiligusa, na maji yana harufu. Aliokoka na mtoto wake pia, lakini ule mfuko wa pedi sijausahau, alikuwa bado anao mkononi.

Ultrasaundi niliiacha makusudi mpaka hapa kwasababu watu wanaipa sifa isiyo yake. Inapima maji yamebaki kiasi gani, kwa mfano mfuko wa maji wenye kina kirefu kuliko yote ukiwa chini ya sentimita 2 wanasema maji ni machache. Maji yakiwa machache na una hadithi ya kulowa, hapo inaongeza uzito kwenye mizani. Lakini yanaweza kuwa machache kwasababu kondo halifanyi kazi vizuri au figo za mtoto zina shida, na yanaweza kuwa ya kawaida kabisa huku chupa inavuja kidogo, maana mtoto anakojoa kila siku na kujaza tena. Ndio, sehemu kubwa ya maji hayo kwenye nusu ya pili ya mimba ni mkojo wa mtoto, kwahiyo kitaalamu ile "ni mkojo tu" sio uongo mkubwa sana, haha.

Kuna na kile cha sindano, wanaingiza rangi ya bluu, indigo kamaini, ndani ya maji kupitia tumboni halafu unawekewa pamba ukeni, ikitoka bluu basi. Vitabu vinakiita kipimo cha kweli kuliko vyote. Mimi sijawahi kuona mtu anafanyiwa na sitamani, unatoboa mfuko ili kujua kama una tundu! Na hata mkojo wa mama unaweza kugeuka bluu baadaye, usipokuwa makini unarudi palepale. Ile rangi nyingine, bluu ya methilini, wanaikwepa kwasababu inaharibu damu ya mtoto.

Na zile pedi za kuvaa nyumbani zinazobadilika rangi? Nazo zinapima uchachu kama karatasi, ila kuna zenye ujanja kwamba unaiacha ikauke na doa la mkojo linafifia wakati la maji linabaki. Kwa mtu mwenye wasiwasi sio mbaya, lakini ikibadilika rangi unaenda, na isipobadilika lakini roho haijatulia unaenda pia, sasa mimi nauliza imekusaidia nini hasa. Pedi nyeupe ya kawaida inatosha. Vaa, andika saa, usijioshe ndani, usiingize kitu chochote, usifanye tendo, na ile pedi ibebe kwenye mfuko umwonyeshe mtu hata kama hajaomba. Maji ya kijani au kahawia, yenye harufu, damu, homa, mtoto kapunguza kucheza, au unahisi kitu kama kamba kinachungulia chini, hapo usisome post yoyote, nenda sasa hivi.

Mimi ningekuwa na uwezo wa kupanga, mpangilio wangu ni maswali bila aibu, kulala nusu saa, macho kwa spekulamu, na kama kidimbwi hakuna basi kijiti cha protini mapema kabla masaa hayajapita, ultrasaundi ya kusindikiza. Slaidi nitaifanya kama kijiti hakipo na kama nina dakika 10 za kweli. Karatasi ya njano ningeiacha ilale kwenye droo. Na vikigongana, hadithi inasema ndiyo na kijiti kinasema hapana, mtu hatoki, anakaa, pedi mpya, tunarudia.

Kwangu ndo ilivyokuwa. Kijiti walikuwa nacho kimoja, kikatoa mstari mmoja. Ultrasaundi, maji ya kutosha, mtoto kageuza mgongo hataki picha. Yule binti hakuniruhusu kuondoka, akanipa pedi safi nyeupe na kusema "unakaa masaa manne dada, na ukikohoa unakohoa kwa nguvu." Nikakaa. Nikakohoa. Saa ya tatu akaingia mama mmoja kitanda cha pili anasimulia kisa cha mbuzi na mchungaji, mimi nikacheka kwa sauti, na pale pale nikahisi lile joto tena. Nikaita. Akaja na glovu, akaiangalia pedi, akainusa bila haya yoyote, na safari hii hata mimi nikiwa mbali niliisikia harufu.

Akafungua faili langu, akaandika MKOJO, herufi kubwa zote, akapigia mstari.